BMW yenye moteri ya Toyota: feza inaishia wapi?

Swali linakuja namna hii: «Fundi, nimepata BMW ya milango miwili. Bodi iko muzima, paka moteri njo ilikufa. Naweza kuweka ya Toyota?» Anayeuliza ni kijana aliyeteremka kutoka karyeri, feza ya dhahabu ya miezi sita iko mfukoni, na tangu utoto anatamani motokari ya mbio. Fundi wa kweli atamjibu ndiyo. Inawezekana, na inafanywa duniani kote. Lakini ndiyo hiyo ina mkia mrefu, na mara nyingi feza inaishia kwenye mkia. Moteri yenyewe haiimalizi.

Tunaandika juu ya mkia huo kwa sababu feza ya karyeri ni feza ngumu. Imetoka chini ya udongo, na nyumbani kuko mama anayengojea minervali ya watoto. Bodi nzuri iliyolala miaka miwili nyuma ya nyumba, moteri pembeni yake chini ya shiti, kuku wanataga kwenye kiti cha shofere: picha hiyo hakuna mtu wa Mangobo ao wa Kabondo asiyeijua.

Wachimbaji wanajua nusu ya kazi

Ninyi wa karyeri mmekwisha kubadili moteri mara nyingi, hata kama hamkuita kazi hiyo kwa jina kubwa. Moteri ya esansi ya konkaseri inakufa, mnatafuta dizeli ya Kichina, mnaifunga kwenye vyuma, mnaweka puli na mkanda, mashine inaanza tena kuvunja mawe. Hakuna aliyeuliza kama kiwanda cha konkaseri na kiwanda cha moteri vinajuana.

Sababu ni moja: mkanda unasamehe. Puli ikikaa pembeni kidogo, milimita mbili tatu, mkanda utakwisha mapema lakini kazi inaendelea. Ndani ya motokari hakuna mkanda kati ya moteri na bwati ya vitesi. Mti wa bwati unaingia katikati kabisa ya vilibreke, na pale hakuna kusamehe. Kosa la sehemu ndogo ya milimita moja linakula rulma, linakula diski ya ambreyaji, kisha linaanza kula bwati yenyewe.

Kati ya hivyo viwili kuko kile chuma chenye umbo la kengele, kloshi. Matundu ya kloshi ya BMW hayalingani na matundu ya moteri ya Toyota. Kuko fundi atakayekuambia: tunachonga plati ya chuma kwa turi, upande mmoja matundu ya huyu, upande mwingine matundu ya yule. Ulaya plati hizo zinauzwa tayari, zimepimwa na mashine. Huku kwetu, kama si fundi wa turi unayemwamini kama ndugu yako, shauri langu ni kununua moteri pamoja na bwati yake, ambreyaji yake na kloshi yake, vyote kutoka motokari moja. Bwati ikija na moteri yake, kazi iliyobaki ni ya sudere: kutengeneza traversi mpya ya kuishika bwati, kusogeza tundu la levye, kukata kardani ifikie urefu unaotakiwa. Hiyo ni kazi ambayo Kisangani inaijua.

Kardani nayo isikatwe ovyo. Ikisha kukatwa na kuunganishwa, lazima izunguke bila kuyumba, na pembe ya mbele ilingane na pembe ya nyuma. Sivyo, kwenye kilometa 60 kwa saa motokari yote inaanza kutetemeka na utasema moteri ni mbaya, kumbe moteri haina kosa.

Puli inafundisha jambo lingine tena. Mnajua kwamba puli ndogo juu ya moteri na puli kubwa juu ya mashine inatoa nguvu na kupunguza mbio. Ponti ya nyuma ya motokari ni ile ile hesabu, imefichwa tu ndani ya mafuta. Ponti ya BMW ilihesabiwa kwa moteri ya esansi inayofika mizunguko 6000 kwa dakika. Ukiweka dizeli ya zamani inayoishia 4000, bila kugusa ponti wala bwati, umepoteza theluthi moja ya mbio. Motokari ya spoti inapitwa na Hiace iliyobeba mihogo.

Si kila Toyota

Moteri nyingi za Toyota zinazoonekana rahisi ni za Ist, za Vitz, za Corolla za miaka ya karibuni. Hizo zinakaa kwa upana na kuvuta magurudumu ya mbele. BMW inasukumwa na magurudumu ya nyuma, moteri yake inakaa kwa urefu. Kuigeuza moteri ya Ist ili isukume nyuma ni vita isiyo na faida.

Inayotafutwa ni ile iliyotoka kwenye Mark II, Chaser ao Crown: silinda sita kwa mstari mmoja, kwa urefu, inasukuma nyuma, kama BMW yenyewe. Familia ya 1G, na ya JZ kwa mwenye feza zaidi. JZ ndani ya BMW si ndoto ya hapa tu. Vijana wa Ulaya na Amerika wanaifanya kila siku. Angalia paka karter, ile bakuli ya mafuta chini ya moteri. JZ moja ina shimo la karter mbele, nyingine katikati ao nyuma, kufuatana na motokari ilikotoka. Ukichukua isiyofaa, karter inagonga traversi ya mbele. Hapo watu wanakata karter na kuiunganisha upya, ambayo si dhambi, ila wanasahau krepini, ule mdomo unaonyonya mafuta. Ubaki juu sana, siku ya kupanda kilima mafuta yatakimbilia nyuma, mdomo utanyonya hewa, na moteri uliyouzia dhahabu itakatika biela.

Kwa nini Toyota, na si moteri nyingine ya BMW? Kwa sababu ya soko. Filtri, pompe ya maji, jwe ya kilasi ya Toyota, unaweza kutembea kwa miguu na kuirudisha kabla ya chakula cha mchana. Piyese ya BMW unaiagiza Kinshasa ao Dubai, na kutoka Kinshasa mto ni zaidi ya kilometa 1700. Boyomais anajua maana ya kungoja. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003 njia ya mto kwenda Kinshasa ilifungwa kwa muda mrefu, na mji huu ukabebwa na baiskeli za toleka. Sababu mojawapo ya toleka kushika mji ni hii: piyese yake inapatikana kila kona na kila mtoto anajua kuitengeneza. Chagua moteri kwa akili hiyo hiyo.

Viwanda pia vinafanya

Mtu asikuambie kwamba kuchanganya ni mambo ya watu masikini. Toyota Supra iliyotoka 2019 ina moteri ya BMW, na iliunganishwa Graz, katika Austria, pamoja na BMW Z4. Kwa hiyo anayeweka Toyota ndani ya BMW analipa tu deni kwa upande mwingine.

Hadithi inayojulikana zaidi ni ya Carroll Shelby, dereva wa Texas aliyeshinda Le Mans mwaka 1959. Katika 1961 alisikia kwamba AC, kiwanda kidogo cha Uingereza, kinaishiwa na moteri ya Bristol iliyokuwa ikiwekwa katika motokari yake ndogo, Ace. Akawaandikia barua, akaenda Ford kulomba moteri ya silinda nane, na katika 1962 Cobra ikatembea. Wengi wanasimulia nguvu tu. Wanasahau kwamba moteri ile ya Ford ilichaguliwa pia kwa uzito: ilizidi ile ya Bristol kwa kidogo tu, kwa hiyo pua ya motokari haikulemewa. Na bado walipaswa kubadili ponti ya nyuma kwa ponti yenye nguvu zaidi, na kusogeza bwati ya usukani. Mwaka 1965 Shelby na watu wake walinyang'anya Ferrari ubingwa wa dunia wa motokari za GT. Lakini walipotaka kuingiza moteri ya litri 7, shasi ya kwanza haikuweza tena. Ilitengenezwa nyingine, yenye mabomba mazito zaidi.

Sunbeam Tiger ni hadithi ya kuchekesha kidogo. Kiwanda cha Rootes cha Uingereza kilikuwa na motokari nzuri lakini dhaifu, Alpine, ya silinda nne. Shelby akawasaidia kuingiza moteri hiyo hiyo ya Ford, litri 4,2, na Tiger ikaanza kuuzwa mwaka 1964. Nafasi ilibana hata buji moja ya nyuma haikufikika kupitia kapo. Mtu alipaswa kuingia ndani kwa abiria na kufungua kifuniko kidogo ukutani. Tafakari hilo, wewe unayebadili buji njiani usiku. Kisha Chrysler ikainunua Rootes, na mwaka 1967 Tiger ikafa. Chrysler haikutaka kuuza motokari yenye moteri ya Ford, na silinda nane yake yenyewe haikuingia, kwa sababu distribitere yake ilikaa nyuma, na ile ya Ford ilikaa mbele. Kiwanda kizima chenye mainjinia kilishindwa na mahali pa distribitere. Ndiyo maana tunasema pima kwanza.

Karibu na sisi, Kenya, kuko mfano ambao wazee wanaopenda mbio wanaukumbuka. Lancia Stratos ilikuwa motokari ndogo, fupi, pana, na nyuma ya dereva ilibeba moteri V6 ya Dino kutoka Ferrari, litri 2,4. Iliwezekana kwa sababu tangu 1969 Fiat ilikuwa mwenye Lancia na mwenye nusu ya Ferrari. Stratos ilichukua ubingwa wa dunia wa rali miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Ikaja Safari Rally mwaka 1975, ikaonyesha mbio, ikamaliza ya pili na ya tatu. Ya kwanza? Peugeot 504 ya Ove Andersson. Ile ile 504 ambayo baba zetu waliipanda kama taksi na kama pikapu. Mwaka 1977 Stratos ikawa tena ya tatu. Safari haikuishinda kamwe. Na mwaka 1978 504 ikashinda tena, safari hii kupe yenye V6 ambayo Peugeot ilitengeneza pamoja na Renault na Volvo: moteri ya mseto, lakini iliyofikiriwa tangu mwanzo ili iingie pale.

Kwenye matope na mashimo, moteri ya Ferrari haikutosha. Barabara ya Kisangani kwenda Niania wakati wa mvua haina huruma kuliko ya Kenya.

Mahali pa kufa

Sasa turudi kwenye garaji, kwa yale ambayo hayaonekani kwenye picha za simu. Silenbloki, kabloji ya gesi, eshapema: hayo yatasumbua, hayataua. Kuko mawili yanayoua.

La kwanza ni breki. Pedali ya breki inasaidiwa na ile sahani kubwa nyeusi, mastervaki. Mastervaki haina nguvu yake yenyewe. Inatumia mvuto wa hewa unaotoka kwenye moteri ya esansi, kwa sababu moteri hiyo inanyonya hewa kupitia papiyo iliyofungwa nusu. Moteri ya dizeli ya kawaida haina papiyo ya namna hiyo, kwa hiyo haitoi mvuto. Ndiyo maana dizeli inakuja na pompe ndogo ya kuvuta hewa, na kwenye dizeli nyingi za Toyota pompe hiyo imefungwa nyuma ya altanatere. Mtu ananunua dizeli, altanatere imeungua, anaweka altanatere nyingine ya bei nafuu isiyo na pompe. Moteri inaimba. Chaji inaingia. Anaenda kujionyesha, na akikaribia daraja ya Tshopo, toleka na pikipiki zimejaa mbele yake, anakanyaga breki na pedali iko ngumu kama jiwe. Breki hazikukatika, zimebaki na nguvu ya mguu wake peke yake. Kama umeweka dizeli mahali pa esansi, jaribio ni hili: zima moteri, kanyaga pedali mara nne tano mpaka iwe ngumu, ishikilie, washa moteri. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, mastervaki inapata mvuto. Isiposhuka, motokari isitoke kwenye parsele.

La pili ni moto. Moteri ya karburatere inalishwa na esansi kwa presyo ndogo, sehemu mbili ao tatu za kumi za bari. Moteri ya enjeksyo inataka karibu bari 3, yaani mara kumi zaidi. Ukiweka moteri ya enjeksyo katika motokari ya zamani na kuacha mipira ya zamani na kolye za kufunga kwa bisibisi, siku moja mpira utapasuka na kurusha esansi juu ya eshapema. Mipira ya presyo, kolye zake, pompe yake, filtri yake, na tuyo ya kurudisha esansi kwenye rezervwari kama moteri ilitengenezwa hivyo. Filtri usiionee bei, hasa ukinunua esansi kwa kadafi barabarani. Na estentere moja ndani ya motokari.

Joto nalo linadai sehemu yake. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ekweta, hewa ni nzito, na karibu na soko unatembea polepole, hewa haipiti kwenye radiatere. Moteri mpya ikisogezwa nyuma ili iingie, vantilatere yake inabaki mbali na radiatere na kuzungusha hewa ya bure. Weka vantilatere ya umeme yenye nguvu, na ile karatasi ya chuma ao ya plastiki inayoelekeza hewa isitupwe.

Kuhusu umeme, neno moja kwa anayenunua: usinunue moteri iliyokatwa nyaya. Nunua na fesho yote, kalkilatere, vipimio vyote, na kama ni moteri ya karibuni, ufunguo na pedali ya gesi pia, kwa sababu kalkilatere inamtambua ufunguo wake na kumkataa mgeni. Njia nzuri ni kununua nusu ya mbele ya motokari iliyokatwa nzima. Inaonekana ghali. Kisha unaanza kutafuta kipimio kimoja kimoja, ndipo unaelewa. Na kwa dizeli za Land Cruiser, soma demarere: kuko za volti 24. Kwenye batri ya volti 12 haitazungusha kitu.

Kabla ya kukata

Mama wa nyumba ana haki ya kuuliza swali moja kabla feza haijatoka: «Kitu gani bado hatujanunua?» Kama baba anajibu kwa jina la kila piyese na bei yake, kazi itaisha. Kama anajibu «fundi ataona», feza ya minervali iwekwe pembeni kwanza. Moteri ininginizwe kwa palani juu ya shimo lake, ipimwe mbele, nyuma, kwa karter, kwa usukani, kabla ya sudere kuwasha chochote. Motokari za Japani zina usukani kuume, moteri zake mara nyingi zilipangwa kwa nafasi hiyo. Ya kwako ikiwa na usukani kushoto, eshapema ao demarere inaweza kukuta mti wa usukani pale pale.

Fakture ya moteri itunzwe pamoja na karatasi za motokari. Namba iliyopigwa juu ya moteri haitakuwa tena ile ya kiwanda, na siku polisi akifungua kapo, ao siku unauza, karatasi hiyo njo inaonyesha kwamba moteri ilinunuliwa, haikuibwa. Katika hali hiyo ofisi ya usafiri iulizwe kabla, si kisha kukamatwa.

Siku ya kwanza motokari haiendi Bafwasende. Inaenda njia ya Bangoka na kurudi, polepole, mtu mmoja ndani, litri tano za maji nyuma. Kwenye kurudi kapo inafunguliwa moteri ikiwa moto, karatasi nyeupe inatandikwa chini kuangalia tone la mafuta liko wapi, bulo za kardani na za bwati zinakazwa tena moja moja. Kesho yake vile vile. Wiki ya pili, ndipo abiria.